Maswali ya Uji

Ndaziona alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali saa kumi jioni, na mtu wa kumchukua alikuwa mume wake. Inspekta Enelesi Chimwaza aliambiwa hivyo asubuhi ya Ijumaa kwenye mlango wa wodi ya wanawake, na tabibu alimwambia kwa sauti ile ile anayotumia kusema dawa ya malaria imeisha.

"Amepona?"

"Fuvu linaunga. Anakula, chooni anakwenda mwenyewe. Nina wagonjwa wamelala chini, afande."

"Alipigwa au alianguka?"

"Nilishaandika. Ni tofali. Tulitoa vumbi jekundu kwenye jeraha. Sasa kama tofali lilimfuata yeye au yeye alilifuata tofali, mfupa hausemi."

Enelesi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na miaka mingi katika kazi hii na hasira yake alikwisha kuitumia yote, haikubaki hata ya akiba. Akaingia wodini.

Ndaziona alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani, kichwa kimefungwa bandeji. Alikuwa muuza mandazi wa kijiji cha Mtambalika, nje kidogo ya mji wa Zomba. Wiki iliyopita, alfajiri ya Ijumaa, majirani walimkuta amezimia kwenye shimo wanamochimba udongo wa kufyatulia matofali, nyuma ya nyumba yake. Pembeni yake sasa alikaa Malita, wifi yake, na bakuli la uji. Hospitali zetu mgonjwa haji peke yake. Huja na mwangalizi wake wa kumpikia, kumwogesha na kumlisha, na mwangalizi huyo hulala hapo hapo sakafuni. Ndaziona mama yake amefariki na dada hana. Kabla ukoo wake haujajipanga, mume alikwisha kumleta dada yake kutoka Thondwe, na hakuna aliyeona ubaya.

"Umeamkaje, Ndaziona?"

"Nimeamka."

"Unakumbuka nini cha usiku ule?"

Ndaziona alitazama kijiko. "Nilianguka."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Alikwenda kutupa majivu, akateleza," alisema Malita. "Ameshasema, afande. Kila siku mnamuuliza. Mnataka aanguke mara ngapi?"

"Namuuliza yeye, dada."

"Si huyu hapa, anakula. Fungua mdomo, wifi."

Ndaziona akafungua mdomo.

Juzi Enelesi alimwomba Malita atoke nje kidogo. Malita alitoka, akasimama nyuma ya pazia, viatu vyake vinaonekana. Ndaziona aliviambia vile viatu kwamba alianguka.

Simu ililia kwenye ukumbi. Alikuwa mkuu wa kituo.

"Mjomba wa mwanamke na mjomba wa mwanaume wamekaa jana, wamekunywa togwa pamoja, wameelewana. Wewe bado unatafuta nini?"

"Mtu aliyemwona Waisoni nyumbani Alhamisi."

"Waisoni alikuwa Ziwa Chilwa ananunua dagaa. Maelezo yake si uliandika mwenyewe?"

"Niliandika."

"Basi. Saa kumi ikifika huna kitu, funga. Tuna wezi wa ng'ombe huku."

Maelezo ya Waisoni Chigalu Enelesi aliyajua kwa kichwa. Aliondoka Jumatano alfajiri na baiskeli. Alilala ziwani, simu imezima, ndiyo maana hakupatikana kuambiwa. Alirudi Jumamosi akakuta mke yuko hospitali, hajitambui, na mchana ule ule akaja kituoni mwenyewe. Wachuuzi wawili wa dagaa walikubali kwamba walikula naye ugali wa nsima, ingawa siku waliyokula kila mmoja aliitaja yake. Alipoulizwa nani hufika kwake, Waisoni aliwageuzia wengine kibao. Alisema: "Waulizeni wale akina mama wa chuo na dereva wao. Alhamisi walikaa kwangu wanamuuliza mke wangu habari za uji wa dagaa, wakati hata mtoto hatuna. Wageni wanaona mlango ulivyo, wanaona hakuna mwanaume. Hao ndio wa kuulizwa."

Dereva aliulizwa Jumatatu. Usiku ule alikuwa msibani kwao, na kijiji kizima kilimwona akichanja kuni. Waliobaki ni akina mama wenyewe, na chuo kilitaka barua ya polisi kwanza, kisha mhuri, kisha kikasema karibuni Ijumaa wakati wa chai.

Enelesi alikwenda kwa miguu. Chiperoni ilikuwa imeshuka, manyunyu yale ya baridi ambayo hayanyeshi wala hayaachi, na mlima wote ulikuwa umezama humo.

Chuoni, waliokuwa mezani walikuwa wanne, na katikati yao birika na sahani ya skonzi. Wote walitafiti jambo moja, wanawake wanaopigwa na waume zao, na kila mmoja alitoka idara yake. Profesa Likagwa wa sheria, mzee mwenye sweta la kufumwa, ndiye aliyemkaribisha.

"Kwanza, afande, hatutakwambia mwanamke yeyote alisema nini. Tumewaapia."

"Sijaja kwa hilo, Profesa."

"Pili, una mlalamikaji?"

"Anasema alianguka."

"Basi huna kitu. Sheria inaanza pale mtu anapofungua mdomo."

"Ameufungua asubuhi," alisema Enelesi. "Kwa uji."

Dakta Thawale wa uchumi alimsogezea kikombe. "Nyumba ni ya nani?"

"Ya mwanamke. Mume ndiye aliyekuja kuoa kwao."

"Na biashara?"

"Mandazi. Ya mwanamke."

"Hapo ndipo panaponishangaza. Kwa hesabu zetu, mwanamke mwenye nyumba na fedha yake hupigwa mara chache zaidi."

"Huyu alipigwa mara moja."

"Nazungumzia wastani, afande."

"Mimi nazungumzia kitanda cha dirishani."

Dakta Msukwa wa saikolojia alicheka. Alikuwa kijana kuliko wenzake na alivaa tai. "Msamehe. Thawale anapima nyumba. Sisi tunaingia kwenye kichwa cha mwanaume. Tunakaa naye, tunamuuliza taratibu, utashangaa. Mara ya mwisho alimpiga mke lini, kwa nini, anakutajia kama anavyotaja bei ya mbolea."

"Na wewe unaamini," alisema Dakta Lusungu Nyirenda, mama wa idara ya afya ya jamii, ambaye mpaka hapo alikuwa anakoroga sukari tu. "Mwanaume anakwambia kofi moja, mimi kwa mke wake nakuta mkono uliovunjika."

"Wewe kazi yako kuhesabu plasta, Lusungu."

"Angalau plasta inaonekana. Kichwa cha mwanaume umekiona wapi wewe?"

Wakacheka wote, hata Profesa. Ilionekana ni mzaha wa siku zote, wanautoa kila Ijumaa pamoja na birika. Enelesi alingoja uishe.

"Nataka kujua mnavyofanya kazi," alisema. "Siulizi alichosema. Nauliza mnavyofika, mnavyokaa, mnavyoondoka."

Swali hilo lilimwendea Lusungu, na alilijibu kama mtu aliyelijibu mara nyingi kwa wafadhili. Nyumba moja, mwanamke mmoja. Muulizaji ni mwanamke, na wanakaa wawili tu. Nje, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa waume, utafiti unaitwa wa afya ya wanawake, na mwanamke mwenyewe akiulizwa baadaye huambiwa ajibu hivyo hivyo.

"Na mtu akiingia katikati ya maongezi?"

"Tunageuza."

"Mnageuza nini?"

"Maongezi. Muulizaji ana habari nyingine ameiweka tayari. Anayeingia anakuta wanawake wanazungumza mambo ya jikoni. Akitoka, wanarudi pale walipoishia."

"Habari gani hiyo?"

"Uji wa watoto." Lusungu alitabasamu kidogo. "Hakuna mwanaume anayekaa kusikiliza uji."

Enelesi akaweka kikombe chini. "Mnaizungumza kila nyumba?"

"Hapana. Akiingia mtu tu. Asipoingia mtu, neno uji halitajwi kabisa."

"Nani alikwenda Mtambalika, kwa Ndaziona, Alhamisi ya wiki iliyopita?"

Wote wakamtazama Profesa. Profesa akafikiri, kisha akasema kwenda si siri, maana gari la chuo majirani waliliona. Lusungu akatoka, akarudi na Ellube Sitolo, mama wa makamo mwenye kitenge kiunoni na daftari kwapani, ambaye alikataa kiti.

"Mama Ellube, Alhamisi uligeuza maongezi?"

Ellube alimtazama Lusungu, akaruhusiwa.

"Niligeuza."

"Aliingia nani?"

"Sikumwona. Mlango wa uani ulikuwa mgongoni kwangu. Ndaziona ndiye aliyekuwa anautazama. Alinipa jicho, nikaingia kwenye uji. Nilisikia viatu, maji yakachotwa mtungini, mtu akanywa, kikombe kikarudi mahali pake. Viatu vikatoka."

"Alibisha hodi?"

"Wala hakubisha wala hakuomba. Na kikombe hakukitafuta, alijua kilipo."

"Ulisema nini juu ya uji? Maneno yako mwenyewe."

Ellube aliona haya. "Nilibabaika, afande. Tumefundishwa kusema soya. Mimi nilikuwa nimeona dagaa wameanikwa uani, nikamwambia awasage awatie kwenye uji. Ndaziona akanijibu kwamba watoto watatapika." Alihamisha daftari kwapa la pili. "Mtoto hana. Lakini alijibu bila kusita, mpaka mimi mwenyewe nikashangaa."

"Kuna nyumba nyingine yoyote ulikosema dagaa?"

"Ningesemaje? Ni aibu hiyo. Hata Dakta nilikuwa sijamwambia mpaka leo."

"Viatu vilipotoka?"

"Aliniambia niende. Hatukumaliza."

Enelesi aliandika dagaa, akapiga mstari chini yake. Alipaswa kufurahi kidogo, lakini alihisi baridi ya miguu tu, soksi zilikuwa zimelowa.

"Samahani," alisema Msukwa. "Mmesema Mtambalika? Mtambalika hii ya hapa, ya kwenye matanuri ya matofali?"

"Ndiyo."

"Sisi tulikuwa Mtambalika. Jumatano, siku moja kabla."

Lusungu aligeuka taratibu. "Mlikuwa Mtambalika mnafanya nini?"

"Wanaume."

Thawale alishika skonzi akairudisha kwenye sahani.

"Hebu semeni na mimi nielewe," alisema Enelesi.

Lusungu ndiye aliyeeleza, akimtazama Msukwa muda wote. "Kijiji wanakoulizwa wanawake, wanaume hawaulizwi. Popote duniani, afande, wanaofanya kazi hii wanajua. Mwanaume akishaulizwa kama anampiga mkewe, kesho akikuta mgeni wa chuo kwake, anajua mkewe anaulizwa nini. Afya ya wanawake haimdanganyi tena. Wala uji."

"Nilituma ratiba," alisema Msukwa.

"Kwa nani?"

"Kwa idara yenu."

"Idara yetu ina watu wangapi, Msukwa?"

"Nilidhani mnaambizana."

"Na sisi hapa," alisema Profesa Likagwa, "kila Ijumaa tunakunywa chai."

Enelesi alimgeukia Msukwa. "Mlimuuliza Waisoni Chigalu?"

"Hilo usijibu," alisema Profesa.

Msukwa alilegeza tai, akaitazama meza, na uso wake ulikuwa umekauka. Enelesi hakumsukuma. Wachuuzi wawili waliotofautiana siku wangeulizwa upya, na safari hii angewauliza kila mmoja chumba chake.

"Profesa, nikimtaka Mama Ellube aje kusema alivyosikia viatu, na yeye mwenyewe alivyosema juu ya dagaa, nitakuwa nimevunja kiapo chenu?"

Mzee alilichukua swali hilo kwa shukrani, kama aliyepewa kitu cha kushika. "Hapana. Kiapo kinalinda maneno ya aliyeulizwa. Maneno ya muulizaji ni yake."

"Nitakuja," alisema Ellube.

Lusungu alimfuata Enelesi mpaka mlangoni. "Tulitaka kuwasaidia wanawake hawa," alisema. "Naona aibu, afande. Sijui nifanye nini na aibu hii."

"Andika ulivyoniambia, utie sahihi," alisema Enelesi. "Kabla ya saa kumi."

Waisoni alikuwa amefika mapema. Alisimamisha baiskeli chini ya upenu wa wodi, na kiti cha nyuma alikuwa amekifungia mto mpya kwa ajili ya mgonjwa. Wanawake waliokuwa wanasubiri dawa walimsifu kwa mto ule. Enelesi alikuja na Konstebo Chilemba, ambaye alisimama kando ya gurudumu la mbele.

"Waisoni, jambo dogo kabla hamjaondoka. Wale akina mama wa chuo uliotuambia."

"Mmewapata?"

"Tumewapata. Ulisema walikuja kuuliza nini?"

"Uji. Uji wa dagaa." Alicheka, akawatazama wale wanawake wacheke naye. "Wasomi hao. Nani anamtilia mtoto dagaa kwenye uji?"

"Nani alikwambia kwamba waliuliza hivyo?"

"Si mke wangu, nani mwingine?"

"Lini?"

Waisoni akaanza kukaza kamba ya mto, ambayo ilikuwa imekaza tayari.

"Jumatano uliondoka," alisema Enelesi. "Alhamisi wakaja. Ijumaa alfajiri akakutwa amezimia. Ulirudi Jumamosi, ukaja kituoni mchana huo huo, ukaniambia habari ya dagaa. Mkeo amefumbua macho Jumanne."

"Alinipigia simu."

"Simu ilikuwa imezima. Ndivyo ulivyosema, ukatia sahihi."

"Basi majirani."

"Majirani walikuwa nje. Ndani walikuwa watatu. Mmoja aliuliza, mmoja alijibu, mmoja alikunywa maji."

Wanawake wa dawa walikuwa wamegeuka kutazama. Waisoni alinyoosha mgongo.

"Kwa hiyo sasa mtu akiingia kwake kunywa maji aombe ruhusa?" alisema. "Wanakaa nyumbani kwangu wananisema, mimi nibishe hodi?"

"Nani alikwambia walikuwa wanakusema?"

Chilemba alimshika mkono juu ya kiwiko, bila nguvu, na Waisoni hakushindana naye. Aliomba tu baiskeli isiachwe kwenye manyunyu. Malita, aliyekuwa amefunga vitu vya mgonjwa kwenye kitenge, alitoka mbio akamfuata kaka yake mpaka kwenye gari, akiuliza amefanya nini, amefanya nini mtoto wa watu.

Enelesi akaingia wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda cha dirishani.

"Waisoni tumemchukua."

Uso wa Ndaziona haukubadilika. Alikuwa amevalishwa tayari, viatu miguuni. "Wifi yuko wapi?"

"Kwenye gari, na kaka yake."

Ndaziona alitazama pazia kwa muda mrefu. Kisha akaanza kusema, bila kuombwa, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Alirudi jioni. Nikapika, akala, akanawa. Akaniuliza, mlikuwa mnazungumza nini. Nikamwambia uji. Akaniuliza uji gani. Nikamwambia wa dagaa. Akasema jana watu wa chuo walimuuliza na yeye, na hakuulizwa uji. Akasema twende nyuma ukanionyeshe hao dagaa, na mimi nikaenda, nilijua lakini nikaenda, akanitanguliza mpaka kule shimoni halafu..."

Pazia lilisogea. Malita alisimama pale, macho mekundu.

"...halafu unawachekecha," alisema Ndaziona, kwa sauti ile ile, pumzi ile ile. "Miiba ikibaki inamkwama mtoto. Maji yakichemka unatia unga kwanza, dagaa mwisho."

"Na chumvi?" aliuliza Enelesi.

"Chumvi usitie. Dagaa wana chumvi yao."

Malita aliwatazama wote wawili. Akachukua bakuli lake kwenye kabati, akalifuta kwa upindo wa nguo, akatoka. Viatu vilisikika kwenye sakafu mpaka mlango mkubwa ukajifunga.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

Ndaziona akarudi pale alipoishia.

"Shimoni matofali ni mabichi. Aliokota moja, akaliminya, likamomonyoka mkononi. Akalitupa. Akaniambia nisubiri hapo, akapanda mpaka kwenye tanuri akachagua lililoiva. Nikamsubiri."

Enelesi akaandika.